Presha Mbili za Kiembeni

Kiembeni, neno "presha" hufanya kazi mbili kwa siku moja. Asubuhi mama anamwambia mwanawe anayejikokota kwenda shule, "Usinipandishe presha wewe!" Hapo ni hasira. Jioni jirani yake anarudi kutoka zahanati na kusema, "Nimeambiwa nina presha." Hapo ni ugonjwa. Hakuna anayechanganyikiwa, lakini ndani ya neno hilo moja imejificha nadharia nzima ya tiba: kwamba kinachoudhi roho ndicho kinachobana mishipa, na kwamba mtu akitulia, damu nayo itatulia.

Yoga inanadiwa kwa nadharia hiyohiyo. Kaa, nyoosha mgongo, vuta pumzi taratibu, na moyo utakutii. Swali ni kama ahadi hiyo inasimama pale mashine ya kupimia inapofungwa mkononi, na kama inamhusu hata kidogo mkazi wa mtaa huu wa Kisauni, Mombasa, ndani kidogo kutoka barabara ya Malindi, si mbali na kiwanda cha saruji cha Bamburi, ambaye kila kukicha hujipanga kwenye foleni ya daraja la Nyali kwenda kutafuta riziki kisiwani.

Kwa macho ya haraka, haimhusu. Pwani ya Kenya, yoga imekaa upande wa bahari: kwenye nyasi za hoteli za ufukweni, na Shela kule Lamu, ambako tamasha la yoga huwavuta wageni waliobeba mikeka yao begani. Nairobi kuna picha nyingine. Shirika la Africa Yoga Project, lililoanzishwa mwaka 2007 na Mmarekani Paige Elenson, limewafunza vijana wa mitaa ya kipato cha chini kuwa walimu, na darasa lake la bure la Jumamosi limejaza watu ambao hawajawahi kukanyaga hoteli ya kitalii. Hata hivyo mtindo uliolipa shirika hilo jina ni ule wa jasho na nguvu, mikao ikifuatana bila kituo. Tofauti kati ya yoga ya jasho na yoga ya kutulia ndiyo kiini cha suala hili, kwa sababu mishipa ya damu haizipokei kwa namna moja.

Kabla ya kuuliza yoga inashusha nini, yafaa kuuliza nini kimepanda. Presha si ugonjwa wa jadi nchini Kenya. Mwaka 1929, daktari C. P. Donnison alichapisha kwenye jarida la Lancet taarifa kutoka hospitali ya Kavirondo Kusini, eneo la Kisii ya leo. Kwa takriban miaka miwili wagonjwa wapatao 1,800 walikuwa wamelazwa pale, na hakumkuta hata mmoja mwenye presha iliyopanda. Alipima pia watu 1,000 wenye afya zao, akaona jambo lililowashangaza wenzake wa Ulaya: baada ya miaka 40 presha ya watu hao haikupanda kadiri walivyozeeka, bali ilielekea kushuka.

Miaka sitini baadaye hali ilikuwa nyingine. Mwaka 1990, Neil Poulter na wenzake walichapisha kwenye British Medical Journal utafiti uliowafuata Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya na kuhamia Nairobi. Presha za wahamiaji zilikuwa juu kuliko za wenzao waliobaki nyumbani, na tofauti hiyo haikungoja uzee. Ilijitokeza mapema, watu wakiwa bado wageni wa mji. Uzito wao uliongezeka. Mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi zaidi ikilinganishwa na potasiamu, yaani chumvi imezidi na mboga na matunda yamepungua. Na mapigo ya moyo yalikwenda kasi zaidi. Washukiwa wakawa watatu: kilo, chumvi, na mwili unaokaa macho kama askari wa zamu.

Kiembeni ni mtaa wa wahamiaji pia. Wamo wenyeji wa Pwani waliosogea kutoka kisiwani, na wamo waliotoka bara kufuata kazi za viwanda, hoteli, shule na bandari. Maisha yao ni yale ambayo Poulter aliyaona Nairobi, yakiwa na viungo vya Kimombasa: viazi karai na bajia za jioni, papa wa chumvi, achari, mkate badala ya muhogo wa kuchemsha. Kwa wengine kuna muguka, ambao Gavana wa Mombasa Abdulswamad Nassir alijaribu kuupiga marufuku Mei 2024 kabla suala halijafika mahakamani. Kichangamshi kilichomo kwenye miraa na muguka, kathinoni, huongeza kasi ya moyo na kubana mishipa. Mtu anayetafuna jioni na kupumua kwa utulivu asubuhi anavuta kamba pande mbili.

Na wengi hawajui wamesimama wapi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 uligundua kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini alikuwa na presha ya juu. Kati ya hao, waliojua hali yao walikuwa asilimia 15.6 tu. Na kati ya waliojua, waliokuwa wakitumia dawa walikuwa asilimia 26.9.

Sasa pumzi inaingiaje? Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita tano za damu kila dakika. Presha hutegemea mambo mawili: kiasi kinachosukumwa, na jinsi mishipa midogo ilivyobana njia. Mwili una walinzi wa kuipima kila pigo. Kwenye ukuta wa mishipa mikubwa ya shingo, na kwenye upinde wa mshipa mkuu unaotoka moyoni, kuna ncha za neva zinazohisi ukuta unapotanuka. Presha ikipanda, habari hufika kwenye shina la ubongo papo hapo, na amri hurudi kwa njia mbili: neva ya vagasi inaupunguza moyo kasi, na neva za simpathetiki, zile za vita na mbio, zinaambiwa zilegeze mishipa. Ukiinuka ghafla kitandani, amri hugeuka kinyume, ndiyo maana huanguki. Kwa mtu aliyekaa na presha ya juu kwa muda mrefu, walinzi hawa huzubaa: presha hupanda, nao wanaona ndiyo hali ya kawaida.

Pumzi ina mkono wake ndani ya utaratibu huo. Mtu akivuta hewa, moyo huongeza mwendo kidogo, akiitoa, hupunguza. Vilevile presha yenyewe ina mawimbi madogo yanayopanda na kushuka kila baada ya sekunde kumi hivi. Kwa kawaida watu hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na midundo hiyo miwili hupishana. Lakini mtu akipumua mara sita tu kwa dakika, pumzi moja hula sekunde kumi, na midundo hukutana. Ni kama kusukuma pembea za Idd: ukisukuma ovyo unapoteza nguvu, ukisukuma inaporudi mkononi, mguso mdogo unaipeleka juu. Walinzi wa presha wanaamka, na vagasi inapata nguvu.

Jambo hili lilithibitishwa kwa namna isiyotarajiwa. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, na wenzake walichapisha utafiti wa watu wazima 23 ambao walisali rozari kwa Kilatini na kisha wakarudia mantra ya yoga. Yote mawili yaliwapunguza pumzi hadi karibu mara sita kwa dakika, na yote mawili yaliongeza wepesi wa walinzi wa presha. Mwili haukutofautisha dua na mantra. Mwaka 2005 kundi lenye Bernardi ndani yake likaonyesha kwamba wagonjwa wa presha wakipumua mara sita kwa dakika, namba ya juu, ile ya kwanza kati ya mbili za kipimo, ilishuka palepale, kutoka takriban 150 hadi 141, na wepesi wa walinzi ukakaribia kuongezeka maradufu.

Hapa ndipo sifa za yoga zilipozidi kipimo chake. Kwa miaka mingi kulikuwa na habari za wanayoga wa India wanaosimamisha moyo kwa hiari. Mwaka 1935 daktari wa moyo Mfaransa Thérèse Brosse alifunga safari hadi India na mashine ya kurekodi umeme wa moyo ili kuhakiki. Baadaye M. A. Wenger, B. K. Bagchi na B. K. Anand walirudia kazi hiyo kwa vyombo bora zaidi, wakachapisha matokeo mwaka 1961. Mioyo haikusimama. Walioonekana kuusimamisha walikuwa wakiziba pumzi na kukaza misuli ya kifua na tumbo, hivyo damu inayorudi moyoni ikapungua, mpigo wa mkononi ukapotea, na sauti ya moyo ikafunikwa. Umeme wa moyo uliendelea kujichora kwenye karatasi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Majaribio ya kiasi zaidi yalianza kwenye kliniki ya kawaida Uingereza. Chandra Patel, daktari wa familia, pamoja na W. R. North, walichapisha mwaka 1975 jaribio la wagonjwa 34 wa presha waliogawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilifundishwa kulegeza mwili kwa mbinu za yoga, likisaidiwa na chombo kinachomwonyesha mtu jinsi mwili wake unavyotulia. Kundi la pili lilifika kliniki mara zilezile, likapumzika tu. Wa kwanza walishuka kutoka wastani wa 168/100 hadi 141/84. Wa pili nao walishuka, kutoka 169/101 hadi 160/96.

Namba hizo za kundi la pili zinastahili kutazamwa mara mbili. Watu wasiofundishwa chochote walipoteza pointi tisa kwa kuzoea tu chumba, mashine na daktari. Mtu yeyote anayesema "nilifanya yoga mwezi mmoja, presha ikashuka" anaweza kuwa anasema kweli, na bado sehemu ya ushindi wake ikawa ni kuzoea kupimwa.

Tangu hapo majaribio yameongezeka. Mwaka 2019 uchambuzi wa pamoja wa majaribio 49, yenye washiriki zaidi ya 3,500, ulikuta kwamba yoga ilishusha namba ya juu kwa pointi tano na ya chini kwa karibu nne. Kwa wenye presha waliofanya mara tatu kwa wiki, na ambao darasa lao lilikuwa na mazoezi ya pumzi na utulivu wa akili, kushuka kulifika 11 na sita. Kwa kulinganisha, kidonge kimoja cha presha kwa kipimo cha kawaida hushusha takriban tisa na tano. Tatizo ni kwamba majaribio mengi ya yoga ni madogo, na haiwezekani kumficha mtu kama amefanya yoga au hajafanya, kama inavyowezekana kumficha kama kidonge alichomeza kina dawa au ni cha unga mtupu.

Ujerumani ilitoa jibu la swali la mikao. Holger Cramer na wenzake walichapisha mwaka 2018 jaribio la wagonjwa 75 waliokwisha kuwa kwenye dawa. Kundi moja lilifanya yoga yenye mikao, jingine yoga isiyo na mikao, pumzi na utulivu pekee, na la tatu lilisubiri. Presha ilipimwa kwa mashine inayovaliwa saa 24, ile isiyodanganywa na woga wa daktari. Baada ya wiki 12, walioshuka zaidi ni wale waliokaa chini na kupumua. Kwa lugha ya Kiembeni: sehemu ya yoga inayogusa presha haraka ndiyo isiyohitaji mkeka, nguo za kubana wala ada ya hoteli.

Hii haina maana mikao ni bure. Hunyoosha viungo, huimarisha misuli, na yoga ya jasho inaweza kuusaidia moyo kama mazoezi mengine yoyote. Lakini mwili unapokaza misuli na kuishikilia, presha hupanda wakati huohuo. Mtu ambaye presha yake haijadhibitiwa hana sababu ya kusimama kwa kichwa, na mwenye presha ya macho akiinamisha kichwa chini ya moyo huongeza mgandamizo ndani ya jicho. Pumzi za haraka na za kuziba kwa nguvu nazo si zake. Anayetumia dawa akitoka kwenye mkao wa kulala ainuke taratibu, kizunguzungu kisije kumwangusha.

Kuna mpaka mwingine ambao walimu wa yoga huupita kimyakimya. Walinzi wa shingoni hushughulikia sekunde na dakika. Presha ya miezi na miaka huamuliwa zaidi na figo, ambazo huchagua chumvi na maji kiasi gani vibaki mwilini. Neva za simpathetiki hufika kwenye figo pia, kwa hiyo utulivu una njia ya kupenya, lakini njia hiyo ni nyembamba. Mtu anayepita kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha chini ya gramu tano za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, anazipa figo kazi ambayo dakika kumi za pumzi haziwezi kuifuta.

Na kushusha namba si sawa na kuzuia mshtuko wa moyo. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa kwenye Lancet mwaka 2021 ulionyesha kwamba kila pointi tano zinazopungua kwenye namba ya juu, kwa kutumia dawa, hupunguza hatari ya mshtuko wa moyo, kiharusi na balaa za aina hiyo kwa asilimia kumi hivi. Yoga haijatoa ushahidi wa namna hiyo. Jaribio lake kubwa zaidi lilifanyika India, katika vituo 24, kwa wagonjwa 3,959 waliotoka kupata mshtuko wa moyo, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020 na Dorairaj Prabhakaran na wenzake. Waliofundishwa yoga walijiona wana afya bora na walirudi kwenye shughuli zao vizuri zaidi. Lakini kwa vifo, mishtuko mipya na kiharusi, tofauti kati yao na wengine haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitisha lolote.

Kiembeni kuna swali lingine ambalo majarida ya tiba hayaliulizi: dini. Adhana na kengele za kanisa husikika kwenye vichochoro vilevile, na wapo Waislamu na Wakristo wanaoiona yoga kama ibada ya Kihindu iliyovaa nguo za mazoezi. Hofu hiyo imejadiliwa na wanazuoni mbali na hapa. Novemba 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga inayochanganya mikao, ibada na mantra. Januari 2009 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilikataza ile yenye mantra na ibada, likaruhusu mazoezi ya mwili matupu. Novemba 2017 Saudi Arabia ikaisajili yoga miongoni mwa michezo. Utafiti wa rozari wa Bernardi unaupunguzia mjadala huu makali: kilichofanya kazi mwilini ni mwendo wa sekunde kumi. Anayetaka kuhesabu kimoyomoyo moja hadi tano akivuta na moja hadi tano akitoa, bila neno lolote la dini ya mtu, hapungukiwi na kitu.

Hatari iliyo karibu zaidi na watu wa mtaa huu si mantra. Ni mtu aliyeanza kupumua kwa utaratibu, akajisikia mwepesi, akaacha vidonge. Presha ya juu kwa kawaida haiumi. Kujisikia vizuri si kipimo. Dawa hupunguzwa na daktari baada ya kusoma namba za wiki kadhaa. Atakayesoma namba hizo anahitaji mtu wa kuzipima, na hapo mambo yamebadilika kidogo. Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua zaidi ya wahudumu 100,000 wa afya ya jamii na kuwapa mikoba yenye vifaa, mashine ya presha ikiwemo. Kipimo sasa kinaweza kumfuata mtu barazani kwake.

Utaratibu sahihi wa kupima unafanana ajabu na somo la kwanza la yoga ya kutulia. Mtu haruhusiwi kuwa ametoka kunywa kahawa, kuvuta sigara au kupanda ngazi mbio. Anakaa kwenye kiti, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, mkono umewekwa sawa na moyo. Anakaa kimya dakika tano, bila simu, bila kumjibu jirani anayepita. Kisha anapimwa, anangoja dakika moja, anapimwa tena.

Mama yule wa asubuhi akifungwa mashine akiwa bado anahema kwa kumfokea mwanawe, itasoma namba moja. Akikaa dakika zake tano akipumua mara sita kwa dakika, itasoma nyingine, ndogo zaidi. Pointi zilizopotea katikati ni zile za hasira, na pumzi imezichukua. Namba inayobaki ikiwa bado 140 kwa 90 au zaidi, siku baada ya siku, hiyo ni presha ya pili, ya jirani aliyetoka zahanati. Inashughulikiwa kwa chumvi kidogo jikoni, kwa kutembea, na kwa kidonge kinachomezwa kila siku saa ileile, pumzi zikiendelea pembeni yake.